Masizi, Magadi na Mafuta ya Taa: Tarehe ya Kuosha Vyuma vya Injini Kuukuu

Kabla injini yoyote haijashushwa katika bandari za pwani yetu, nyumba za Waswahili zilikwisha kuwa na maarifa mapana ya kupambana na uchafu ushikao juu ya madini, maarifa ambayo hayakuandikwa kitabuni bali yalirithiwa na binti kutoka kwa mamaye, na mama kutoka kwa bibi, vizazi kwa vizazi. Vyungu na masufuria yaliyoshika masizi yalisuguliwa kwa makumbi ya nazi na majivu. Masinia na madele ya shaba yalipakwa ukwaju au maji ya ndimu mpaka weusi ukaondoka na rangi yake ikarejea. Na magadi, ambayo watu wengi waliyajua kwa kulainisha kunde jikoni na kuungia tumbaku, hayakukosekana sokoni. Waliofanya kazi hizi hawakuwa na majina ya kikemia, walakini walikuwa wameshika kanuni mbili ambazo hata leo ndizo msingi wa sanaa yote ya kusafisha vyuma: ya kwanza, kwamba kutu na weusi wa madini huogopa kitu cha uchachu, na ya pili, kwamba mafuta na shahamu huogopa majivu na magadi.

Nayataja haya mwanzo kwa kuwa tarehe ya kuosha vyuma vya injini kuukuu, kazi ifanywayo mpaka hivi leo uani, barazani na chini ya miembe, aghalabu husimuliwa kana kwamba iliteremka melini pamoja na injini zenyewe. Ni kweli mashine zilikuja na meli, na baadhi ya dawa pia. Lakini busara ya kuchagua dawa kwa kadiri ya uchafu, na kwa kadiri ya kile kilichoko chini ya uchafu, ilikuwako hapa zamani, na kila pale fundi alipoiacha kwa tamaa ya wepesi alilipa kwa chuma chake, au kwa afya yake mwenyewe.

Injini zilizotangulia kuenea bara zilikuwa za mvuke. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Ile ya Mombasa ilianza 1896 ikafika Kisumu, ufukoni mwa Ziwa Nyanza, mwaka 1901. Na Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 iliwasili Kigoma mwaka 1914. Uchafu wa magarimoshi hayo ulikuwa wa maji na moto: masizi katika mabomba ya kupitishia moshi, na ukoga wa chumvi na chokaa ndani ya dungu la kuchemshia maji. Kila baada ya muda uliowekwa, dungu lilimwagwa maji, vizibo vyake vikafunguliwa, na ukoga ukafukuzwa kwa maji ya nguvu na fimbo za chuma, kwa sababu ukoga ulio mnene huzuia joto lisipite kutoka kwenye bati kwenda kwenye maji, na bati lililokoseshwa maji huungua, hupinda, na mwisho hupasuka. Katika karakana za reli, basi, wanagenzi wa pwani na bara walipata funzo ambalo jiko halikuwapa: kwamba uchafu katika mashine huweza kuua watu. Humo pia waliliona birika kubwa la soda iliyochemshwa, chombo cha kawaida katika karakana zilizofuata desturi ya Uingereza, ambamo vyuma vilivyogandwa na grisi vilitumbukizwa kwa minyororo na kutolewa vikiwa vikavu vya mafuta, tayari kukaguliwa kama vina ufa.

Injini iunguzayo mafuta ndani ya tumbo lake ilikuja baadaye. Nikolaus Otto alikamilisha injini yake ya mapigo manne huko Ujerumani mwaka 1876, Karl Benz akapata hataza ya gari lake mwaka 1886, na injini ya Rudolf Diesel ikafaulu majaribio mwaka 1897. Lakini katika nchi zetu magari yaliendelea kuwa machache mpaka Vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo vilileta malori, pikipiki na magari ya wagonjwa, na pamoja nayo haja ya madereva na mafundi wa kuyahudumia. Kazi ya kwanza ya mwanagenzi ilikuwa ni kuosha, na hakuruhusiwa kushika spana mpaka vidole vyake vimekwisha kuvijua vyuma vyote kwa kuviosha.

Na kuosha huko kulikuwa na elimu yake, maana injini ya petroli au dizeli hukusanya uchafu wa namna tano, na asiyezitofautisha hupoteza siku nzima bila ya faida. Kuna uchafu wa nje, ambao ni vumbi la barabarani lililokutana na oili ivujayo. Kuna tope laini la ndani, lituamalo chini ya injini na kwenye kifuniko cha valvu, ambalo huzaliwa na mvuke wa maji na mabaki ya petroli yapenyayo kwenye ringi wakati injini haijapata moto, na ndiyo maana gari la safari fupi fupi huwa na tope jingi kuliko la safari ndefu. Kuna utandu wa kahawia, mgumu na wa kung'aa, uliotokana na oili iliyopikwa kwa miaka au petroli iliyokaukia ndani ya kabureta. Kuna masizi magumu juu ya pistoni, katika paa la silinda na mgongoni mwa valvu za moshi, ambayo hugandamana kama ukoko wa wali chunguni. Na mwisho kuna kutu na ukoga katika njia za maji.

Kwa namna mbili za mwanzo, dawa iliyotawala tangu zama hizo ni mafuta ya taa. Mafuta hayo, yaliyoanza kutengenezwa kwa ajili ya taa katikati ya karne ya kumi na tisa, yaliletwa katika makopo ya bati ya pembe nne yenye ujazo wa galoni nne, yaani kiasi cha lita 18, mawili mawili katika sanduku la mbao. Kopo hilo ndilo debe letu, lililokuja kuwa kipimo cha nafaka, chombo cha maji na bati la kuezekea. Na katika ua wa fundi lilikatwa kwa urefu, kingo zake zikakunjwa zisimkate mtu, likawa karai la kuoshea. Liliegemezwa juu ya jiwe upande mmoja ili mafuta yajikusanye upande wa pili, na mwanagenzi akaketi mbele yake juu ya kigoda, brashi kuukuu ya rangi mkononi, akianza na vyuma vidogo visivyo na tope jingi na kumalizia na vikubwa. Jioni, mafuta machafu yaliachwa yatulie mpaka asubuhi, tope likazama, na sehemu ya juu iliyochujuka ikamiminwa chupani kwa maosho ya kwanza ya kesho, ila maosho ya mwisho hayakufanywa kwa mafuta yaliyotumika, kwani mchanga mdogo usioonekana ungerudi kwenye bapa la chuma na kulikwaruza. Vyuma vilivyooshwa vilipangwa juu ya gunia kwa utaratibu uleule vilivyotolewa, maana valvu iliyozoeana na kiti chake haifai kuhamishiwa kiti cha jirani.

Hekima ya kuyachagua mafuta ya taa ni dhahiri kwa mtu ayafikiriye. Yametoka katika asili moja na oili ya injini, kwa hiyo huiyeyusha bila ya kukiudhi chuma. Hukauka polepole, yakampa mwoshaji wasaa. Nayo huacha utando mwembamba uizuiao kutu, jambo la thamani kubwa katika hewa ya chumvi ya Mombasa au Unguja. Zaidi ya hayo, mvuke wake hauwaki kwa wepesi mpaka joto lake lipite kiasi cha nyuzi 38, ilhali petroli hutoa mvuke uwakao hata katika baridi ya barafu. Hata hivyo nyuzi 38 hazi mbali na jua letu la adhuhuri, na mafundi wenye uangalifu waliosha kivulini, mbali na kiko na jiko.

Lakini utandu wa kahawia hauyajali mafuta ya taa, na hapo ndipo magadi yalipoingia. Ziwa Magadi, katika Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi, limefunikwa na gamba la chumvi ambalo likichimbwa na kuchomwa hutoa magadi makavu, ndiyo soda itumikayo katika viwanda vya kioo na sabuni. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, tawi la reli kutoka Konza likafika ziwani mwaka 1915, kampuni ikaingia mikononi mwa Brunner Mond mwaka 1924, na tangu 2005 ni mali ya Tata Chemicals. Hivyo dawa ileile ambayo mpishi wa Lamu aliitia katika kunde zake ikawa bidhaa ya kusafirishwa melini, na katika ua wa fundi ikarejea kazi yake ya zamani. Pipa lililokatwa nusu liliwekwa juu ya mafiga matatu, likajazwa maji, magadi na vipande vya sabuni ya mche, na vyuma vikachemshwa humo mpaka utandu ukalegea na kuambuka kwa brashi. Injini nyingi za awali, hasa za mashindano na za ndege, zilitumia mafuta ya mbarika, na hayo, kwa kuwa ni ya mmea, yakikutana na magadi ya moto hugeuka sabuni. Oili itokayo ardhini haigeuki sabuni, lakini magadi na sabuni na joto kwa pamoja huikata vidonge vidogo vidogo ikaelea majini. Chuma kilichotoka pipani kilisuuzwa kwa maji ya moto, kikafutwa papo hapo, na kupakwa oili kabla hakijapoa, kwa sababu chuma kilichovuliwa mafuta yote hushika kutu siku hiyohiyo.

Kulikuwa na dawa kali zaidi, kostiki soda, ambayo mafundi wenye haraka waliipenda mno, na ndiyo iliyofanya hasara kubwa kuliko zote. Katika zama za gari la Ford Model T, lililoundwa tangu 1908 mpaka 1927 na kupita milioni 15 kwa idadi, kostiki haikuwa na adui, kwa kuwa pistoni, silinda na kichwa chake vyote vilikuwa vya chuma cha kusubu, na chuma hakiliwi na kostiki. Lakini gari lililolifuata, Model A, lilikuja na pistoni za alumini, na baada yake alumini ikazidi kuenea, ikaingia kwenye vichwa vya injini, kabureta na vifuniko. Alumini ikitiwa katika kostiki huchemka kwa povu, hutoa gesi ya haidrojeni iwezayo kulipuka, na huliwa mpaka ikawa kama sega la nyuki. Wapishi walikuwa wameliona jambo hili kabla ya mafundi, kwani sufuria ya alumini ikipikiwa chakula chenye magadi mengi hupiga weusi. Ila mwenye gereji hakudhani kwamba jikoni kuna lolote la kumfunza. Kisha ikaja Volkswagen ya mgongo wa duara, gari lililoshinda Safari Rally ya kwanza kabisa mwaka 1953, ambalo kasha lake la injini limetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu, madini yastahimiliyo magadi lakini yaliwayo na uchachu. Ndimu na siki, zilizokuwa salama kwa kutu ya chuma na weusi wa shaba, zikawa sumu kwa kasha hilo, wakati vichwa vya injini hiyohiyo, kwa kuwa ni vya alumini, vikaendelea kuiogopa kostiki. Katika injini moja tu, basi, fundi alitakiwa kujua kila madini na dawa yake, na kanuni ya kale ya kutazama kilichoko chini ya uchafu ikawa ya lazima kuliko wakati wowote.

Yabaki masizi magumu, ambayo hayakuwa na dawa ya maji iliyo salama, bali yalihitaji mkono. Mpaka miaka ya 1950 kufungua kichwa cha injini kwa ajili ya kuyaondoa ilikuwa ni kazi ya kawaida ya gari, kama ilivyo leo kubadilisha oili, na watu wengi waliifanya nyumbani kwao. Pistoni moja ilipandishwa mpaka juu, silinda nyingine zikazibwa kwa matambara, na ukingo wa pistoni ukapakwa grisi ili uinase chembe itakayoanguka. Kilichotumiwa kukwangulia kilikuwa kipande cha mti mgumu, mwanzi uliochongwa, au bapa la shaba, kwa sababu bisibisi ya chuma huacha mikwaruzo juu ya alumini, na kila mkwaruzo huwa ni mahali pa masizi mapya kushikia. Mafundi mahodari hawakukwangua mpaka ukingoni kabisa: walilaza ringi kuukuu juu ya pistoni iwe mpaka, wakauacha mduara mwembamba wa masizi pembezoni, kwa kuwa mduara huo, katika injini iliyokwisha chakaa, huzuia oili isipande juu kwa wingi. Na kwa vijia ambamo ringi hukaa, walivunja ringi ya zamani, wakainoa ncha yake kwa tupa iwe ya mraba, wakaitumia kama patasi. Maana hakuna kifaa kiwezacho kuingia katika kijia cha ringi kwa kipimo sawasawa kuliko ringi yenyewe.

Balaa la zama hizo halikutoka kwenye masizi, bali kwenye petroli. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa Marekani, aligundua kwamba mchanganyiko wa risasi ukitiwa katika petroli huzuia injini isigonge, na kuanzia 1923 petroli hiyo ikauzwa, ingawa mwaka uliofuata wafanyakazi kadhaa wa kiwanda kilichotengeneza dawa hiyo katika jimbo la New Jersey walikufa kwa sumu yake. Risasi ya namna hiyo hupenya ngozini. Hata hivyo kwa zaidi ya miongo tisa ulimwengu uliitumia, na katika gereji zetu petroli ikapendwa kuliko mafuta ya taa kwa sababu hukausha chuma upesi. Vijana wakaosha nayo kabureta, wakainyonya kwa mpira, na jioni wakaoshea mikono. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliafikiana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 uuzaji wake ukakoma. Nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Risasi imeondoka, lakini petroli ya leo ingali na benzini, kitu kijulikanacho kwa kuleta saratani ya damu, na ingali ikiwaka kwa cheche ndogo. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba hakuna kabureta yenye thamani ya damu ya mwanagenzi, na mwenye gereji ampaye mtoto wa watu beseni la petroli na brashi amekhini amana aliyokabidhiwa.

Tangu miaka ya 1930 watengenezaji wa mafuta walianza kutia katika oili za dizeli viungo vya kusafisha, kwa sababu ringi za matrekta na mashine nzito zilikuwa zikikwama kwa utandu, na baada ya Vita vya Pili oili hizo zikaenea hata katika magari madogo. Masizi yakapungua, na desturi ya kufungua kichwa cha injini kila baada ya maili elfu chache ikafifia. Lakini haikufa katika vijiji vyetu, ambako mashine za kusaga zilizungushwa na injini za Lister, zilizoundwa Dursley huko Uingereza, na nyingine za mfano huohuo zilizotoka Rajkot nchini India. Injini hizi huzunguka taratibu, mara 600 hivi kwa dakika. Chuma chake ni kinene, nazo humsamehe mtu mengi. Ila tundu lake la moshi huziba masizi, na mwenye mashine ambaye halikwangui huiona nguvu ya jiwe lake ikipungua wakati wa mavuno, watu wamepanga foleni na madebe yao. Katika mabanda hayo ya kusagia, na katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam na za barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, maarifa ya mwanzi na magadi yaliendelea kupokezwa.

Siku hizi imeongezeka njia moja ya kuondoa kutu ambayo inakamilisha safari ya magadi kwa namna ya kupendeza. Chuma chenye kutu hutumbukizwa katika ndoo ya plastiki yenye maji ya magadi makavu, kikaunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri, na kipande cha chuma cha kutupa kikaunganishwa na ncha chanya. Umeme ukipita, kutu hulegea bila ya chuma kizima kuliwa, na saa kadhaa baadaye hufutika kwa tambara. Masharti yake ni machache lakini hayana mjadala: ifanyike mahali pa wazi kwa ajili ya gesi ya haidrojeni, alumini isitiwe humo, na kile kipande cha kutupa kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hicho hutoa kromiamu yenye sumu. Na maji yaliyotumika, kama yalivyo mafuta machafu ya karai, hayafai kumwagwa karibu na kisima.

Tanzania iliunda mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na Kenya kwa miongo mingi imeitambua kazi ya mafundi wa jua kali. Vijana hufunzwa kusoma vipimo na kufunga injini, jambo la kushukuriwa. Ombi langu ni kwamba kuosha kusihesabiwe kuwa adhabu ya mgeni wa karakana, bali somo la kwanza lenye mwalimu wake. Kijana apewe sumaku kabla ya brashi, aipitishe juu ya kila kipande, atenge kinachonaswa na kisichonaswa, aweze kusema hiki ni chuma na hiki ni alumini, huu ni utandu na haya ni masizi, na ndipo achague dawa. Akishalifahamu hilo, nyumba yoyote yenye mafuta ya taa, magadi, sabuni na kipande cha mwanzi inamtosha kuwa karakana, na injini iliyotupwa na wengine itapata mtu wa kuifufua.